Kwa Bi Mkubwa, Aliyenipeleka Kupimwa Uboho

Mpendwa Bi Mkubwa,

Najua ungecheka ukisikia nimekuandikia barua, tena ya kusomwa na watu. Ungesema, "Bi Mdogo, umekosa kazi?" Kazi ninazo. Maharage yako jikoni, na Baba Rehema ameshaulizia chai yake. Lakini tangu ulipotutoka mwaka jana, watu wananipa pole kwa namna inayonichoma. Mdomoni ni pole, machoni wanasema sasa nimebaki na mume wangu peke yangu, nishukuru Mungu. Nimeona niwaeleze ninachoshukuru hasa. Na kwa kuwa habari yenyewe ni yako, nakueleza wewe, wao wasikilize.

Nilipoletwa Kaloleni kuwa mke wa pili, wewe ulikuwa na nyumba yako, ulikuwa na binti yako Rehema anayesoma sekondari, na mtaa mzima ulikujua kwa maandazi yako ya asubuhi. Mimi nilikuwa msichana wa Kimeru kutoka mlimani, kwenye familia ya Walutheri wenye kahawa na migomba. Nilikuwa nimesilimu ili niolewe, naitwa Mariamu, lakini nilikuwa bado nageuka mtu akiita Upendo. Kwetu walikuwa wamenuna. Shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, hata kwenye ndoa hakufika.

Hukunikumbatia. Hukunitukana pia. Ulinizungusha uani ukanionyesha bomba, kamba ya kuanikia nguo na jiko. "Chumvi iko pale," ulisema. "Ikiisha, atakayeona imeisha ndiye atakayenunua." Basi, ndiyo ilikuwa hotuba yako ya kunikaribisha. Tuliishi hivyo kwa muda mrefu: shikamoo, marahaba, kila mtu na chumba chake. Baba Rehema alikuwa anashinda Ngaramtoni siku za soko akinunua mahindi na maharage, na tukibaki wawili uani, kilichosikika zaidi ni mafuta yako kwenye karai.

Nadhani Zuhura ndiye aliyetusogeza. Siku niliyorudi naye kutoka kujifungua, ulimpokea mlangoni, ukamfunua uso, ukamtazama kwa makini. "Huyu amechukua pua ya kwetu Kondoa," ulisema. Nikakukumbusha kwamba baba yake ni mtu wa Tabora na mimi ni Mmeru, Kondoa imetokea wapi? Ukajibu, "Kwani nimekuuliza?" Ukaondoka naye kwenda kumwonyesha Rehema, na mimi nikasimama pale na mabegi nikicheka peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka katika nyumba ile.

Kisha nikaanza kuumwa, na ugonjwa wangu ukaja kwa kunyemelea. Ulianza na ulimi. Chai ya kawaida ilikuwa inaniunguza kama pilipili, na nilipojitazama kwenye kioo nikaona ulimi mwekundu, laini, unang'aa kama umepigwa msasa. Halafu uchovu. Nilikuwa nikitoka bombani na ndoo nusu, inabidi nikae njiani, moyo unadunda masikioni. Watu walisema ni kunyonyesha. Kwenye zahanati walinitazama macho, wakasema damu imepungua, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Nikapata nafuu kidogo, nikaendelea navyo kwa muda, vikaisha, nikachoka kuvifuata.

Lakini miguu haikusubiri. Nilihisi nimevaa soksi nene wakati niko pekupeku. Sakafu ikawa kama godoro. Zuhura alikuwa anajifunza kutembea, na mimi mama yake nilikuwa nasahau. Tulikuwa tunashikilia ukuta mmoja, yeye anakwenda mbele, mimi narudi nyuma. Vidole vya mikono vikafuata. Vikombe vikawa vinaniponyoka. Nikaanza kusahau vitu, nikaanza kulia bila sababu. Rangi yangu ikapauka, tena kwa umanjano fulani, na majirani wakawa wananiambia nimenenepa uso, wakimaanisha nimevimba.

Wewe ndiye uliyegundua jambo la kunawa. Asubuhi moja nilikuwa natia udhu pale bombani. Nilipofumba macho kunawa uso, nikaenda chini mzima mzima. Uliacha karai lako, ukaja kuninyanyua, ukadhani nimeteleza. Kesho yake ikawa vile vile. Ukanisimamisha katikati ya uani, ukanishika mabega.

"Fumba macho."

Nikafumba. Uliponiachia, nikayumba kama mlevi, ukanidaka.

"Fumbua."

Nikafumbua, nikasimama.

"Hii siyo damu kupungua tu," ulisema. "Damu na kufumba macho vinahusiana wapi? Kuna kitu kingine."

Jioni ile ile ulimwambia Baba Rehema kwamba natakiwa kupelekwa hospitali kubwa. Yeye naye alikuwa ameshaona, ila alikuwa anaogopa kulitamka. Mkakubaliana siku. Kabla siku haijafika, shangazi yangu akashuka kutoka mlimani.

Mtu alikuwa amempelekea habari kwamba mtoto wake anakauka. Alikuja na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa mgando, akanikuta nimeketi kwenye mkeka nimeegemea ukuta. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka kukutazama wewe.

"Mimi sijui kuzunguka," alisema. "Huyu mtoto alikuja hapa mzima. Amelishwa kitu."

Nilijaribu kusema kitu, lakini ulimi wenyewe ndio ule. Niliona nyuso za wapangaji zikichungulia kwenye milango. Rehema alisimama na ndoo mkononi. Shangazi akaendelea, akasema ananichukua anirudishe mlimani, kuna mtu huko anajua kuondoa vitu vya namna hii, na mengine yatazungumzwa baadaye.

Uliingia jikoni, ukatoka na sinia la wali na maharage uliyokuwa umenipakulia. Ukaliweka mkekani mbele yangu, ukakaa chini, ukakunja miguu. Ukasema bismillah, ukala tonge la kwanza upande wangu. Ukala la pili. Ukatengeneza la tatu, ukaniwekea mimi mdomoni, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa havishiki vizuri.

"Hivi ndivyo tunavyokula kila siku tangu mikono yake ilipoanza kumsumbua," ulimwambia shangazi. "Karibu na wewe. Ukishiba, tuzungumze. Ukitaka kumchukua, mchukue, ni mtoto wako. Ila apite hospitali kwanza. Na mimi nitakwenda naye, maana mimi ndiye ninayejua anavyoanguka."

Shangazi hakula. Lakini alilala kwetu, chumbani kwangu, na asubuhi akavaa viatu vyake akasema twende. Ndivyo tulivyokwenda: mimi katikati, wewe umenishika huku, yeye amenishika kule, na ninyi wawili hamsemeshani. Baba Rehema alitangulia kwenda kuandikisha.

Hospitali walichukua damu, wakachukua tena. Mchana daktari akatuita. Alikuwa dada mdogo tu, mwenye miwani, na alikuamkia vizuri kabla hajaanza. Alisema damu yangu imeshuka sana, lakini si chembe nyekundu tu zilizopungua. Hata nyeupe na zile za kugandisha damu nazo zimepungua. Kuna magonjwa kadhaa yanayoleta hali hiyo. Baadhi yanatibika kirahisi. Jingine ni saratani ya damu. Ili kujua, lazima achukue uboho, yaani ule ute wa ndani ya mfupa, kwa sindano, nyuma ya nyonga.

Baba Rehema alitoka nje. Nilimwona kupitia mlango ameketi kwenye benchi, kofia yake ameishika magotini. Wewe ulibaki.

"Itauma?" ulimuuliza daktari.

"Nitamchoma dawa ya ganzi. Ila wakati wa kuvuta, itauma kidogo."

"Basi nitakaa hapa."

Ulimweleza pia habari ya kufumba macho, na jinsi ninavyosema navaa soksi. Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia nisimame nifumbe macho, akaona mwenyewe. Akagonga magoti yangu, akagusa vidole vya miguu kwa chuma baridi, akaniuliza kama nahisi. Sikuhisi. "Asante mama," alikuambia. "Hili linanisaidia sana."

Nililala ubavu. Ulitaka kunishika mkono, ukakumbuka kwamba mkono wangu hauhisi vizuri, ukainama ukaweka paji langu la uso begani kwako. Harufu yako ilikuwa ya iliki na moshi. Sindano ilipoingia nilisikia mgandamizo tu, lakini alipovuta, nilihisi kama mfupa wote unanyonywa kupitia tundu moja. Nikauma kanga yako.

"Lia," uliniambia sikioni. "Lia sana, hapa hakuna wakwe."

Nikacheka huku nalia. Daktari akasema nisicheke, nitatikisika.

Kusubiri majibu ndiko kulikokuwa kugumu kuliko sindano. Walinilaza, wakaniongezea damu. Zuhura ulimhamishia kitandani kwako, ukamwachisha ziwa kwa uji na nyimbo za Kirangi, mpaka leo anaimba mmoja bila kujua maana yake. Rehema alikuja kunitazama akaniambia kitu ambacho wewe ulikuwa umenificha: maneno ya shangazi yalikuwa yametoka uani yakazunguka mtaa. Kuna wateja waliacha kununua kwako. Asubuhi beseni la maandazi lilikuwa linarudi ndani karibu kama lilivyotoka. Ulipokuja jioni, ukiwa na chupa ya uji, nikakuuliza.

"Watakuja tu," ulisema. "Mwenye njaa hakai na hasira muda mrefu. Kunywa uji."

Lakini nilikuona ulivyokuwa unakaza kanga kiunoni, unaifungua, unaikaza tena. Ulikuwa unajua, na mimi nilikuwa najua, kwamba kama ningekufa, hakuna ambaye angekusafisha. Ungeishi Kaloleni maisha yako yote ukiwa mwanamke aliyemuua mwenzake kwa chakula. Na bado kila siku ulikuja na chakula, ukakifunua mbele ya watu wote wodini.

Siku ya majibu daktari alikuja mwenyewe mpaka kitandani. Alisema neno la kwanza akiwa bado amesimama, ili asitutese: "Siyo saratani."

Ulikaa chini ghafla, kwenye kitanda changu, ukanikalia mguu. Sikuhisi, wala sikusema.

Akatueleza taratibu. Chembe nyekundu za damu zinazaliwa ndani ya uboho. Zikiwa changa ni kubwa na zina kiini katikati. Zinajigawa, zinapungua ukubwa, kiini kinajikunja na mwishoni kinatupwa nje, ndipo chembe inaingia kwenye damu kufanya kazi. Za kwangu zilikuwa zimekwama. Zilikuwa zinavimba, kubwa kuliko kawaida; sehemu ya nje inaendelea kukomaa, kiini kinabaki kichanga, kinashindwa kujigawa. Nyingi zilikuwa zinafia humo humo kwenye mfupa kabla hazijatoka. Ndiyo maana kiwanda kimejaa na bado damu ni pungufu, na ndiyo maana macho yangu yana umanjano.

"Umeziona kwa macho yako?" ulimuuliza.

"Nimeziona, mama."

"Na mimi naweza kuziona?"

Daktari alifikiri kidogo, akasema twende. Mimi nilikwenda kwa kiti cha magurudumu, wewe unasukuma, shangazi, aliyekuwa amekuja kusikia majibu, yuko nyuma yetu. Maabarani kuna kibanda kidogo chenye hadubini juu ya meza. Shangazi akabaki mlangoni. Wewe ukatoa mtandio usizuie, ukafumba jicho moja, ukachungulia.

"Naona madoa ya zambarau."

"Lile kubwa katikati. Tazama ndani yake, kiini chake bado kimeachana achana, kama sponji. Na huku pembeni kumeshakomaa."

Ukachungulia tena, kisha ukasema, "Hili ni andazi la moto mkali. Nje limeiva, ndani bado unga."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Hivyo hivyo, mama."

"Sasa limekosa nini?"

"Vitamini. Inaitwa B12. Inapatikana kwenye nyama, mayai, maziwa. Bila hiyo kiini hakikomai, na mishipa ya fahamu nayo inaumia. Ndiyo maana ya ganzi na kuanguka. Vile vidonge vya kwanza viliisaidia damu kidogo, lakini mishipa haikupata kitu."

"Mbona maziwa anakunywa? Kwao wanamletea."

"Anakunywa, ila tumbo lake halitengenezi kile kinachoipokea hiyo vitamini na kuipitisha kwenye damu. Inapita tu. Itabidi aipate kwa sindano, maisha yake yote. Na mtoto naye tutampima."

Hapo uliinuka. Nilijua unachotaka kufanya kabla hujafanya. Ulikwenda mlangoni ukamshika shangazi mkono.

"Ingia, shangazi. Usikie mwenyewe, usije ukasema nimekutafsiria. Daktari, huyu mtoto kuna kitu alilishwa?"

Daktari alitutazama wote watatu. Sidhani kama alikuwa anajua kilichokuwa kati yetu, lakini alielewa kwamba swali ni zito. Akamwambia shangazi, kwa heshima, polepole, "Hapana, mama. Hakuna alicholishwa. Kuna kitu mwili wake ulikikosa, na hata mngempa chakula gani, usingekipata."

Shangazi nimemjua tangu utoto, hajawahi kumwomba mtu samahani, hata mchungaji. Akaivua kanga yake ya juu, ile mpya, akakufunika nayo mabegani. Akakuambia, "Umenitunzia mtoto." Kisha akaketi kwenye kiti cha daktari bila kuambiwa, akalia.

Wiki iliyofuata alishuka tena mlimani. Alipita barabara yetu yote na sufuria ya loshoro, yale makande ya kupondwa na maziwa mgando, akawa anasalimia kila mlango na kusema kwa sauti kwamba anampelekea Mama Rehema. Akaketi kibarazani kwako, asubuhi, wakati wa wateja, akala maandazi yako hadharani, moja baada ya jingine. Mtu mnene, amevaa gauni la kanisani. Nani angeendelea kususia?

Sindano zilianza na zikanishangaza. Siku chache tu na nikaomba nyama. Ulimi ukatulia. Rangi ikarudi, mpaka Baba Rehema akawa ananiangalia wakati wa kula kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa amekata tamaa kukipata. Miguu ilichelewa sana. Ulinitembeza uani kila alasiri ukinishika kiuno kwa kanga iliyokunjwa, Zuhura anakimbia mbele yetu akipiga makofi. Nikichoka, unasema, "Mpaka kwenye bomba tu." Tukifika kwenye bomba, unasema, "Sasa rudi." Mpaka leo vidole viwili vya mguu wa kushoto havijapona. Daktari alinieleza kwamba tulifika kwa bahati; tungechelewa, ningebaki kitandani.

Tangu hapo hukukosa siku yangu ya sindano. Wateja wako walijua siku hiyo maandazi yataisha mapema. Nilikuambia nimepona, naweza kwenda mwenyewe, ukasema unafuata juisi ya miwa ya pale getini. Nimekuambia asante mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara ulinijibu, "Nyamaza, unachosha."

Ulipoumwa wewe, presha hiyo iliyokuja na kukuchukua bila kuturuhusu hata kujipanga, mimi nilikuwa kichwani kwako. Ulipofariki, wanawake walikusanyika wakauliza nani ataingia kukuosha pamoja na yule bibi wa msikitini. Kuna aliyesema mke mwenza hafai. Rehema akasema, "Ndiye anayefaa kuliko wote." Nikaingia. Nilikumwagia maji kwa taratibu, nikakuosha mikono ile, na alama ndogo za mafuta ya moto zilikuwa pale pale. Shangazi naye alikuja, mzee sasa, na fimbo. Alikaa msibani siku zote, haelewi dua hata moja, anamenya ndizi za kupikia watu, na mtu akimuuliza yeye ni nani wa marehemu anajibu, "Ni mtu wangu."

Sasa nyumba ina mke mmoja, na ni kubwa mno. Baba Rehema anakula kwangu kila siku, na wakati mwingine anamaliza kula na kubaki ameketi, anasikiliza upande wa chumba chako. Zuhura anasoma. Rehema yuko Nduruma na mumewe, analima, analeta mboga, ana ukali wako na hatua zako. Nimeshukuru kwa ajili ya damu yangu, na kwa daktari yule, na kwa dawa iliyomo kwenye kichupa chekundu kidogo namna ile. Lakini kinachonikalia moyoni ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye watu wote wangemwelewa kama angeniacha nianguke, na ndiye aliyeacha karai lake akaja kuninyanyua.

Juzi nilikwenda kuchoma sindano peke yangu. Nesi alikuwa yule yule wa miaka yote, ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni. Alipomaliza, akanishikilizia pamba begani, akatazama kwenye benchi nyuma yangu.

"Dada yako leo hakuja?"

Nikamwambia umefariki. Akanifunga plasta.

"Pole sana, mama. Nilikuwa nawajua hata mkitokea mbali. Mlivyokuwa mnafanana!"

Wewe mrefu, mweusi, mwembamba kama mlingoti. Mimi mfupi na mashavu. Sikumsahihisha. Nikasema ndiyo, watu wengi walikuwa wanasema hivyo.

Mungu akupe nafasi pana huko uliko, Bi Mkubwa, na akulipe kwa kila tonge.

Ni mimi,
Bi Mdogo wako